Reli Ndogo ya Kidijitali: Gawa Umeme, Shoti Moja Isizime Treni Zote

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Mkisikia feni inapiga kelele nivumilieni, joto la leo si mchezo.

Tatizo letu sisi wa treni ndogo za mfano, za juu ya meza, ni hili. Kwenye mfumo wa kidijitali reli zina umeme muda wote, volti kama 15, na amri za kila kichwa cha treni zinapita humo humo mpaka kwenye dikoda yake, kile kifaa kidogo ndani ya kichwa kinachosoma amri. Behewa moja likiacha njia kwenye pointi ya Bahi, pale reli zinapogawanyika, magurudumu yakaunganisha reli mbili, ni shoti, na busta, kifaa kinacholisha reli umeme, inajizima. Treni zote zinasimama, hata ile iliyokuwa inapanda zake Saranda bila kosa. Ndiyo, nimejenga Reli ya Kati, Dodoma hadi Manyoni, juu ya plaiwudi mbili. SGR itasubiri. Kusimika nguzo zote zile za umeme kwa kibano? Macho hayo sina.

Kwa hiyo nimegawa reli kanda tatu za umeme: Dodoma, Bahi, Saranda. Kila moja na breka yake ya kielektroniki, yaani kikata umeme cha kanda hiyo tu. Busta ni ya ampea 5, breka zinakata kwenye 2.5. Breka lazima iwe chini ya busta, la sivyo busta itawahi kujizima na hela ya breka umeitupa.

Mpakani kata reli zote mbili, tia viungio vya plastiki. Waya mama, ule mkubwa unaopita chini ya meza, ni ile ya milimita 2.5 za mraba ya soketi za nyumbani. Waya watoto, zile nyembamba za kutoka waya mama hadi kwenye reli, kila mita moja, choma risasi. Hilo mnalijua, twende.

Sasa hapa. Anko, leta simu karibu. Karibu zaidi... umeziba mwanga. Haya.

Waya nyekundu kwenye reli ya upande wa dirisha, nyeusi kwenye reli ya upande wa ukuta. Kila kanda. Ukilala chali chini ya meza, kushoto na kulia vinakuchanganya, kwa hiyo narudia: nyekundu dirisha, nyeusi ukuta! Mimi niligeuza kanda ya Bahi. Ajabu ni kwamba kila kanda peke yake ilifanya kazi safi, kichwa kinakwenda, nachekelea. Kufika mpakani, magurudumu ya mbele yako Bahi, ya nyuma bado Dodoma, shoti. Kimya kote. Jioni mbili nzima nalaumu breka za watu.

Kabla hujaweka kichwa chochote, chukua malitimita, iweke kwenye volti za AC. Ncha moja kwenye reli ya dirishani upande huu wa mwanya, nyingine kwenye reli hiyo hiyo upande wa pili. Isome karibu na sifuri. Ukiona 14 au 15, umegeuza. Pima na ya ukutani. Usiruke hatua hii, nakuomba.

Jaribio la sarafu. Shilingi mia mbili, ilaze juu ya reli zote mbili. Dodoma... imekata, safi. Bahi... safi. Saranda... mbona... toa, anko, toa! Zima!

Ishike. Si imeanza kupata moto? Hii hatukuipanga. Kuna mahali waya unabana umeme, kwa hiyo shoti inavuta labda ampea 2, na breka inadhani ni treni zinatembea. Volti 15 mara ampea 2 ni wati 30. Chuma changu cha kuchomea risasi ni wati 40. Piga picha joto hilo kwenye gurudumu la plastiki.

Nipe tochi. Aaa, hii hapa, skrubu ya waya mama imelegea. Niliikaza kwa vidole jana usiku nikasema kesho nitamalizia. Haya, kaza... washa. Sarafu tena.

Tak! Mmesikia? Na angalieni kule Dodoma, treni ya mizigo inaendelea na safari.

Kitanzi cha Manyoni, treni inapogeukia, kinataka kifaa chake cha kugeuza umeme, nitakionyesha video ijayo. Waya watoto zilizokatwa tayari ninazo, anayehitaji aandike hapo chini. Anko, rudisha hiyo mia mbili.