Kiporo cha Mina

Assalaam aleikum, mama zangu na baba zangu mnaojiandaa kwenda Hija. Nimeombwa nizungumze juu ya chakula na maji safarini. Chanjo mmeshapata na kadi mnazo, basi hayo nayaacha. Mimi leo nina neno juu ya wali.

Mwaka niliokwenda kama muuguzi wa kikundi, siku ya pili ya Idi pale Mina, tuligawiwa wali kwa kuku kwenye vibakuli vya foili. Mama mmoja mtu mzima alikula nusu, akafunika kilichobaki vizuri, akakiweka kando ya godoro karibu na viatu vyake. Nilipomwuliza akanijibu: "Mwanangu, kutupa chakula ni israfu. Nitamalizia nikitoka kutupa vijiwe." Alirudi baada ya Isha, akala. Alfajiri nilimkuta amejikunja kwenye foleni ya choo, anatapikia mfuko wa plastiki, mtandio umelowa. Kesho yake vijiwe vyake alitupiwa na mwanawe.

Simlaumu hata kidogo. Sote tumekulia kwenye kiporo na chai ya rangi. Lakini sikilizeni kinachotokea. Mchele una vijidudu vinavyojifungia ndani ya ganda gumu, na kuchemka kwa sufuria hakuviui vyote. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu, vinaamka, vinazaana, vinatoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Na wali haunuki, ladha haibadiliki, kwa hiyo msitegemee pua. Kwa kawaida chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita digrii 32, saa moja tu. Mwaka 2024 Msikiti Mtukufu wa Makka ulirekodi digrii 51.8!

Israfu tuiogope, naam, ila tuiepuke mwanzoni: pakua kidogo, na usichokiweza mpe jirani yako kingali cha moto. Usikiweke.

Maji ya Zamzam kunyweni. Ya chupa, hakikisheni kizibo hakijafunguliwa. Kikombe cha pamoja hapana. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua mahujaji kwa maelfu, kikasafiri na meli hadi Misri na Ulaya, mataifa yakalazimika kukutana Istanbul mwaka uliofuata kwa ajili yake. Ule ulinzi wa afya mnaouona bandarini na viwanja vya ndege una mizizi kwenye msiba huo wa wenzetu.

Na maziwa ya ngamia. Mtayakuta yanauzwa barabarani, yamekamuliwa sasa hivi, povu juu ya bakuli. Yasiyochemshwa msiyaguse. Yanaleta homa ya brusela, na ngamia ndiye anayebeba kirusi cha MERS, ugonjwa mkali wa mapafu, kilichogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012.

Tumbo likikushika, usione haya ukakaa kimya; kwenye joto lile mwili unakauka haraka. Koroga pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, unywe kidogo kidogo. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona damu chooni, au huwezi hata kunywa, mwite muuguzi usiku huohuo.

Pakiti zipo pale mezani, kila mmoja achukue sita. Wenye kisukari na matatizo ya figo, msiondoke kwanza, njooni tuongee mmoja mmoja.