Shuka, Sukuma

Mbukwenyi wanangu. Nimepewa nusu saa nizungumzie hifadhi ya udongo. Baadhi yenu mmeshanisikia nikiyasema haya Mpwapwa na Kondoa, na leo nitayarudia kwa sababu bado hayajafanyika. Bwana shamba au bibi shamba anayepangiwa kazi Dodoma apande baiskeli kwanza. Simaanishi kila siku. Nataka siku moja tu, kutwa nzima, kabla hajakabidhiwa kijiji.

Naona mnatazamana. "Mzee, pikipiki zipo." Zipo, na nimezipanda miaka mingi kazini. Lakini pikipiki inakuvusha tu. Ukifika korongoni unaongeza mafuta, unayumba kidogo, umeshatokea ng'ambo na umeshasahau. Baiskeli inazama. Tairi linaingia mchangani mpaka kwenye ringi, unashuka, unasukuma. Ukishasukuma hatua 50 kwenye jua la saa saba, swali linakuja lenyewe: mchanga wote huu umetoka wapi?

Mimi swali hilo lilinikuta njia ya Hombolo. Mnaijua: unatoka mjini, unafika Ihumwa, unaacha barabara ya Morogoro na kukata kushoto. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 80. Ilikuwa Agosti, na nyie wa hapa mnaujua upepo wa Agosti, asubuhi nzima unakupiga usoni, hata mteremkoni inabidi ukanyage pedeli. Kwenye mizabibu watu walikuwa wanavuna. Kwingine kote mashamba yalikuwa meupe, mabua ya uwele na mtama yameshaliwa na ng'ombe, ardhi iko wazi kama kiganja. Mbigili zilinitoboa mara mbili kabla ya saa nne.

Pancha ya pili ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Nilikaa chini ya mgunga ulio kwenye mteremko kati ya mashamba mawili, nikatoa tyubu, nikabandika kiraka. Nilipotaka kujaza upepo nikaona nimeiegemeza pampu chini ya mzizi. Nasema chini ya mzizi, siyo juu yake. Mizizi ya mti ule ilikuwa hewani, imeachana na ardhi kama miguu ya kigoda. Nikaisimamisha pampu wima. Ikasimama nzima, na juu yake bado palibaki nafasi ya vidole vinne.

Mti hauoti hewani, wanangu. Mzizi ule ulianza udongoni. Alikuwepo mzee mmoja akichunga mbuzi, nikamwamkia, nikamuuliza. Akaniambia kwamba wakati anaoa, mti ule ulikuwa umekaa chini kama miti mingine, na baba yake alilima uwele mpaka kwenye shina lake. Hakuna aliyekuja kuubeba udongo ule kwa lori. Uliondoka mvua kwa mvua. Hapa kwetu mvua ya mwaka ni milimita 500 hadi 600, na inaanguka kati ya Desemba na Aprili. Yale manyunyu ya kwanza, ambayo kwingine hayana madhara, huku yanakuja kwa kishindo juu ya ardhi isiyo na jani hata moja.

Nikapanda, nikateremka, na hatua chache tu mbele nikakutana na korongo. Nikazama. Nilipouchota mchanga mkononi nilikuta vipande vya bua ndani yake. Mama mmoja alikuwa amechimba kisima pale katikati ya korongo, shimo linalomfika kifuani, anachota kwa kata, kata moja moja, anasubiri maji yajikusanye tena. Yaani shamba la yule mzee lilikuwa limemfunika mama huyu maji yake. Nimelifundisha somo hili darasani kwa miaka, kwa chaki na michoro. Siku ile nililielewa kwa mapaja.

Mtu ataniambia bwawa la Hombolo lipo, maji yapo. Bwawa lile lilijengwa 1957, na mchanga umekuwa ukiingia tangu hapo. Nendeni mkasimame kule juu maji yanakoingilia, mtazame matope. Bwawa la Ikowa kule Chamwino ni la mwaka huohuo, na lenyewe lilijaa tope. Na wanaodhani haya ni mambo ya vijijini tu waufuate mto Kinyasungwe kuelekea Gulwe na Kilosa. Mto ukijaa mchanga unakosa kina, maji yanatafuta njia nyingine, na njia yaliyoipata mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 ilikuwa reli ya kati. Treni zilisimama kwa miezi.

Ndiyo, najua, HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Kila mara kuna anayenikumbusha HADO. Mradi ulianza 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na wafugaji waliumia. Yote mawili ni kweli na sitaki mtu aniambie moja akafiche lingine. Ila Kondoa ilitufunza kwamba ardhi hii inapona. Haijafa.

Naoneshwa saa. Nilikuwa na sehemu ya makinga maji, yale matuta na mitaro ya kuzuia maji yasiteremke na udongo, nitaisema kwa kifupi: chimbeni kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kukata mteremko, pandeni majani ya kulisha ng'ombe juu ya tuta, na msipime kontua kwa macho. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiguswe kwa shughuli za kudumu. Muulizeni mwenyekiti yeyote wa kijiji kama amewahi kuoneshwa hizo mita 60 ziishie wapi. Habari ya mbolea na samadi tutaizungumza siku nyingine.

Jumamosi naondoka Ihumwa saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka. Baiskeli yoyote inafaa, hata isiyo na gia. Njooni na maji lita tatu kila mtu, viraka, gundi, na pampu. Mgunga ule bado upo. Tutaupima tena.