Wasia wa mama wa Siyu: namna ya kuusoma Utendi wa Mwana Kupona

ZUHURA: Hamjambo wapenzi wasikilizaji. Leo tumeufungua Utendi wa Mwana Kupona, na mwishoni tutauweka kando ya tenzi mbili za Shaaban Robert, kwa sababu zote tatu ni kazi za mzazi anayemuusia mwanawe. Niko na mwenzangu, Bakari.

BAKARI: Ahsante, dada Zuhura. Mimi naanza na lalamiko. Utendi huu una beti 102, lakini wengi wanazijua kumi tu: zile za mke kumpepea mume, kumsinga, yaani kumsugua mwili, na kutomwamsha akilala. Wakishazisoma hizo wanafunga kitabu na kusema huu ni utenzi wa kumfunza mke utiifu. Kumbe hawajaanza kuusoma.

ZUHURA: Basi tuanze na mtunzi mwenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya, yapata 1810, na akafariki yapata 1860. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio kwenye kisiwa hichohicho cha Pate. Hapo ndipo historia inapoingia, kaka Bakari, na wewe ndiye mtu wake.

BAKARI: Siyu haukuwa mji wa pembeni. Ulikuwa na mafundi wa ngozi na wanazuoni walionakili misahafu kwa mkono, kwa hiyo kalamu na karatasi zilikuwa vitu vya kawaida mle. Halafu ulikuwa mji mkaidi. Sayyid Said, aliyetawala Omani na Unguja, aliwavunja Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mwaka 1837. Alipoigeukia Siyu miaka ya 1840, majeshi yake yalishindwa na amiri wake akauawa. Aliyesimama upande wa pili wa vita hivyo ni Bwana Mataka, mume wa mtunzi wetu.

ZUHURA: Na utendi ulipotungwa mume alikuwa amekwisha kufariki.

BAKARI: Naam, utendi wenyewe unasema hivyo. Sayyid Said naye alifariki 1856, akafuatiwa Unguja na mwanawe Majid, na ni Majid aliyeitia Siyu mkononi miaka ya 1860. Kwa hiyo mama huyu anatunga katikati: mume hayupo, mji bado haujaanguka lakini umebanwa, naye mwenyewe ni mgonjwa. Mwaka tunaujua kwa sababu umeandikwa ndani ya utendi: 1275 Hijria. Mwaka huo ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859. Ndiyo maana vitabu husema 1858.

ZUHURA: Anayeusiwa ni bintiye, Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka 17 hivi. Sikilizeni ubeti wa kwanza:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia.

Yaani: njoo karibu nami binti yangu, wewe ambaye umri wako ni mdogo, usikilize wasia, huenda ukauzingatia. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, hapa ni -ti. Cha nne kina kina cha bahari, kile kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Hapa bahari ni -a, na mara nyingi utaisikia kama -ia.

BAKARI: Sasa hapo ndipo wanafunzi wanapokwama. Wanahesabu wanapata saba, au tisa, wanasema mtunzi kakosea. Hebu wahesabie.

ZUHURA: Tuhesabu. Ne-ge-ma-wa-ngu, hizo tano. Halafu bi-n-ti. Ile "n" inasimama peke yake, ni mizani kamili. Ukiisoma bi-nti unabaki na saba. Kipande cha pili vilevile: m-cha-che-fu, "m" inahesabiwa, zinakuwa nne, kisha wa-sa-na-ti, jumla nane. Irabu mbili zikifuatana kila moja ina mizani yake: wa-si-a-ti ni nne, si tatu. Lakini "mwa" na "kwa" ni mizani moja, na "mb" au "nd" mwanzoni mwa silabi haijitegemei.

BAKARI: Na ile tisa hutoka wapi?

ZUHURA: Hutoka kwenye tahajia. Kuna chapa zinazoandika "asaa" kwa kufuata matamshi ya siku hizi: a-sa-a-u-ka-zi-nga-ti-a, tisa. Ukisoma "asa", nane zinatimia. Kwa hiyo ukipata kipande kimezidi au kimepungua, mshuku mchapaji kwanza. Mwana Kupona alikuwa na sikio kali mno. Jaribuni ubeti wa pili wenyewe, nami nawapa onyo moja tu, "kutamka" ni ku-ta-m-ka:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

BAKARI: Mwaka mzima anaumwa. Wasia huu haukutungwa kwa ajili ya harusi, umetungwa kitandani. Kisha anasema:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

ZUHURA: Anamwambia binti aketi, maana kujilisi ni kuketi, alete wino na karatasi, aandike. Tukumbuke hilo kila tunaposikia kwamba wanawake wa pwani ya zamani hawakuwa na elimu. Huyu mama anatunga, na binti anatarajiwa kuandika.

BAKARI: Na hapa mtu wa Dodoma au Bujumbura atauliza, "ndoo" gani tena, ya maji?

ZUHURA: Hii ni lahaja ya kaskazini, Kiamu cha Lamu na Kipate cha Pate. Kuna mabadiliko manne ya sauti ambayo ukiyashika, nusu ya ugumu imekwisha. Penye "nj" yetu wao wana "nd": njoo ni ndoo, njia ni ndia. Penye "ch" mara nyingi wana "t": macho ni mato, kichwa ni kitwa, chini ni tini. Penye "j" wana "y": maji ni mayi, moja ni moya. Na vitu ni zitu, vyombo ni zombo. Ongeza na "l" inayodondoka, mbele ikawa mbee. Ila msibadilishe kila "ch" mnayoiona kwa pupa, kwani "mchachefu" iko palepale na "ch" yake.

BAKARI: Kosa kubwa zaidi ni kuusanifisha utendi. Mtu anaandika "njoo mbele ujilisi" akidhani anamsaidia msomaji. Mizani haziharibiki hapo, kwa bahati. Lakini ukizoea tabia hiyo, mbele ya safari utavunja vina, kwa sababu neno lililokuwa na kina cha -to ukiligeuza linaisha kwa -cho. Acheni maandishi yalivyo, maelezo yawekeni pembeni.

ZUHURA: Kuna jambo la hati pia. Utendi uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hati hiyo haikuwa na njia thabiti ya kutofautisha "e" na "i", wala "o" na "u". "Mb" na "nd" mara nyingi ziliandikwa bila ile "m" au "n". Anayenukuu kwa herufi za Kirumi lazima aamue mwenyewe, na kila mmoja anaamua kivyake. Nakala nyingi zilizowafikia wasomi wa Ulaya zilipita mikononi mwa Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi wa hati nzuri ajabu. Alice Werner na William Hichens walichapa utendi huu mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jina walilouwekea linataja wajibu wa mke.

BAKARI: Jina hilo limetugharimu sana. Msomaji anaingia akiwa amekwisha kuambiwa la kutafuta. Ilhali mtunzi mwenyewe alitaja dhamira yake, na aliitaja kwa hesabu:

Mama pulika maneno
kiumbe ni radhi tano
ndipo apate usono
wa akhera na dunia.

Nda Mungu na Mtumewe
baba na mama wayuwe
na ya tano nda mumewe
mno imekaririwa.

Usono ni pumziko. Radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Hicho ndicho kiunzi cha utendi.

ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Mume ni wa tano kwa mpangilio, lakini soma mstari wa mwisho: "mno imekaririwa". Anakiri mwenyewe kwamba hiyo ndiyo inayosisitizwa kuliko nyingine. Na ukizigawa beti, za mume ni nyingi mno. Hatuwezi kuuosha utendi ili utupendeze sisi wa leo.

BAKARI: Siuoshi. Nasema tuangalie anachokitegemeza. Baada ya mafunzo yale anatoa ushahidi wa ndoa yake:

Alinioa babako
kwa furaha na kuteko
tusondoleane mbeko
siku zote twalokaa.

Kuteko ni kicheko, ile "t" ya kaskazini tuliyoitaja. Kuondoleana mbeko ni kuvunjiana heshima, na kiambishi ni "tu", mimi naye. Heshima inatajwa kuwa ya pande mbili. Kisha:

Yalipokuya faradhi
kanikariria radhi
kashukuru kafawidhi
moyo wangu katoshea.

Mauti yalipofika, mume alirudia na kurudia kumpa radhi zake, akashukuru, akamwachia Mungu. Mtawala aliyewashinda wanajeshi wa Sayyid Said anatokea humu mara moja, na tunachoonyeshwa si upanga wake.

ZUHURA: Hilo nalikubali, na nadhani ndizo beti bora kuliko zote katika utendi huu. Lakini nikurudishe kwenye ubeti mwingine ambao walimu huuruka:

Sitangane na watumwa
ila mwida wa khuduma
watakuvutia tama
labuda nimekwambia.

Usichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nyumba ile ilikuwa na watumwa, na utukufu wa binti unalindwa kwa kuwatenga. Mwanafunzi anayeandika kuhusu dhamira za utendi huu asiache suala la tabaka. Unyenyekevu unaohubiriwa ni wa mwungwana, ndani ya jamii ya waungwana na watumwa.

BAKARI: Ni kweli, na ukiuruka ubeti huo unapata mama asiye na jamii wala wakati. Vilevile usiruke pale anapojitaja mwenyewe kuelekea mwisho:

Mwenye kutunga nudhumu
ni gharibu mwenye hamu
na ubora wa ithimu
Rabbi tamghufiria.

Gharibu ni mgeni, mtu aliye mbali na kwao au asiye na wake. Hamu hapa ni huzuni, na "ubora wa ithimu" ni wingi wa dhambi. Kutaja dhambi zako ni desturi ya watunzi wa tenzi, hilo halitushangazi. Ila "gharibu" kutoka kwa mjane wa mtawala wa Siyu, mwaka ule, mimi siwezi kulisoma kama desturi peke yake.

ZUHURA: Sasa tumlete Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki Juni 1962. Karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Mkewe Amina alifariki, na akamtungia shairi linaloitwa kwa jina lake. Akatunga tenzi mbili za wasia: Utenzi wa Hati kwa bintiye Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman.

BAKARI: Tazama walivyofanana. Mzazi mmoja ametangulia, aliyebaki anashika kalamu, na umbo ni lilelile la utenzi. Anayefuata nyayo ni mwanamume, na aliyetangulia ni mwanamke. Hilo lisisitizwe madarasani.

ZUHURA: Tofauti moja ndiyo inayonivutia. Shaaban Robert alizitia tenzi hizo ndani ya habari za maisha yake, katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Msomaji anapofika kwenye Hati amekwisha kujua aliyefiwa ni nani na watoto ni akina nani. Mwana Kupona hakutuwekea nathari ya namna hiyo, kwa sababu binti aliyekuwa akiandika aliyajua yote: vita, baba, ugonjwa. Sisi tulio nje ya chumba kile lazima tuyatafute wenyewe.

BAKARI: Kwa hiyo utaratibu wa kusoma, kwa wanaoandaa insha au kipindi cha darasani: soma utendi wote kwa sauti mara ya kwanza bila kamusi, uingie mdundo. Mara ya pili hesabu mizani beti kumi za mwanzo, utaona chapa yako ina makosa wapi. Mara ya tatu badilisha sauti za Kiamu na utafute maneno ya Kiarabu. Dhamira zije mwisho. Wanaoanza na dhamira ndio wanaoishia na zile beti kumi.

ZUHURA: Na mkinukuu, tajeni ubeti kwa kipande chake cha kwanza, "Alinioa babako", "Sitangane na watumwa". Msitegemee namba peke yake. Nakala hazilingani katika mpangilio wa beti, na ubeti uliopewa namba fulani kwenye chapa yako unaweza kuwa mbele au nyuma kwenye chapa ya anayekusahihishia.