Mtoto wa SS: Miezi Sita ya Kwanza Ugonjwa Ulikuwa Wapi?

FURAHA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Bukavu. Niko na yaya Bahati, mwalimu wa biolojia. Yaya, leo swali linatoka nyumbani kwetu.

BAHATI: Lilete, mdogo wangu.

FURAHA: Mtoto wa dada yangu, kule Kadutu. Alizaliwa mnene, mchangamfu. Alipofika miezi saba mikono ikavimba, vidole vikajaa, ngozi ikang'aa, analia usiku kucha. Majirani wakasema amelishwa karuho, ile sumu. Walihangaika naye wee, mpaka kipimo cha damu kikaonyesha SS, yaani ugonjwa wa selimundu. Sasa, kama amezaliwa nao, ugonjwa ulikuwa umejificha wapi?

BAHATI: Alikuwa nao, ila jeni yenye kosa ilikuwa haijashika zamu. Kwenye kromosomu ya 11 kuna ukoo wa jeni za hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, zimepangwa mstari mmoja. Ya kwanza hutumika mimba ikiwa changa kabisa, zinazofuata hutumika mtoto akiwa tumboni, na ya mwisho, beta, ndiyo ya mtu aliyekwisha zaliwa. Zimekaa kwa kufuata zamu zao! Kila mwaka nikiichora hiyo ubaoni nasimama kidogo kuitazama.

FURAHA: Kwa hiyo alizaliwa bado anatumia ile ya tumboni.

BAHATI: Ndiyo, na ile ni nzima. Inapungua polepole, beta inapokea kazi, na beta yake ndiyo mbovu. Kwenye DNA yake, palipopaswa kuwa na herufi A pana T.

FURAHA: Herufi moja?

BAHATI: Moja, kati ya bilioni 3 hivi. Inatosha kubadilisha kiungo cha 6 cha protini: asidi glutamiki inatoka, valini inaingia. Hemoglobini hiyo ikiachia oksijeni inanatana, inakuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu inapinda kama mundu. Inakwama kwenye mishipa midogo. Mifupa ya vidole vya mtoto huumia mapema.

FURAHA: Na wazazi wake wazima kabisa.

BAHATI: Wote wawili ni AS, nzima moja na mbovu moja. Mtoto wa AS malaria kali humpata mara chache zaidi, ndiyo maana kosa hilo limedumu kwetu.

FURAHA: Zile jeni za tumboni, zinafutika?

BAHATI: Hapana! Unazo wewe, ninazo mimi. Zimefungwa tu. Chukua bakteria wa utumbo, *E. coli*. Jeni zake tatu za sukari ya maziwa zimekaa pamoja, swichi moja, na protini imekalia DNA kama mlinzi mlangoni. Sukari ya maziwa ikimfikia, hata ile iliyobaki kwenye mashanza, maziwa ya mgando, mlinzi anaachia na jeni zote tatu zinaamka. Ikiisha, anarudi. Wanasayansi Jacob na Monod walieleza hayo Paris mwaka 1961, wakapewa Nobel mwaka 1965.

FURAHA: Na sisi tuna mlinzi?

BAHATI: Wengi, na swichi zetu huweza kukaa mbali na jeni zenyewe. Anayefunga hemoglobini ya tumboni anaitwa BCL11A. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayochukua seli za uboho wa mgonjwa na kukata swichi ya mlinzi huyo. Beta mbovu hawaigusi. Wanaamsha ile ya tumboni, damu inapona.

FURAHA: Dada yangu ataipata wapi hiyo?

BAHATI: Marekani bei yake inapita dola milioni 2, sitamdanganya. Lakini kuna vidonge vya hidroksiurea, navyo huongeza hemoglobini ya tumboni. Amuulize daktari.

FURAHA: Yaya, ana mimba nyingine.

BAHATI: Basi uwezekano wa SS ni mmoja kati ya nne, kama ilivyokuwa kwa huyu. Mtoto apimwe akizaliwa tu. Wasingoje vidole vivimbe.

FURAHA: Nampigia leo leo.