Anza na Visivyoruka: Mhadhara kwa Anayeunda Droni ya Kwanza

(Uliotolewa Arusha mbele ya wanafunzi na mafundi vijana)

Wakubwa zangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja Jumamosi asubuhi, wakati wenzenu bado wamejifunika blanketi.

Nilichoshika hapa si droni. Ni rimoti. Nimekuja nayo kwanza kwa makusudi. Mara kwa mara kijana hunijia na simu mkononi, ananionyesha picha ya mota nyekundu zinazong'aa na fremu ya kaboni, ananiuliza, "Fundi, hii inafaa?" Namuuliza, rimoti unayo? Hana. Chaja? Hana. Pasi ya kulehemu? Ataazima. Akiba yake yote anataka kuimalizia kwenye chombo ambacho, kwa hakika kabisa, kitaanguka.

Ndiyo, kitaanguka. Sikuombei mabaya, nakueleza ratiba. Kwa hiyo kama mfuko wako ni mwembamba, anza na visivyoruka. Rimoti, chaja, multimita na pasi ya kulehemu havipandi juu, kwa hiyo havidondoki, labda uvisukume mwenyewe mezani. Utavitumia kwenye droni ya kwanza, ya pili na ya saba. Fremu na propela ni kama ndala: tunajua tangu dukani kwamba zitaisha.

Nilipoanza mimi, rimoti ya mnyonge ilikuwa FlySky FS-i6. Bado ipo na bado inafanya kazi, sitaisema vibaya. Ila leo, kwa dola 60 hadi 70, unapata RadioMaster Pocket yenye ExpressLRS ndani yake. ExpressLRS ni mfumo wa mawasiliano ya redio ambao programu yake ni ya chanzo huria, viwanda vingi vinaruhusiwa kuutumia, na ushindani huo umeshusha bei ya kipokezi hadi dola 10 au 15. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii wanapolinganisha bei. Rimoti hii ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB inageuka kuwa kifaa cha kuchezea gemu. Tafuta simulata ya droni, kaa nayo jioni kumi na tano, anguka humo mpaka uchoke. Kila unapoanguka kwenye kioo cha kompyuta umeokoa propela mbili na heshima yako mbele ya majirani.

Chaja iwe ile inayosawazisha seli. Betri ya lipo, yaani ya lithiamu-polima, ya seli tatu ni betri tatu ndogo zilizoungwa mfululizo, na kila moja haitakiwi kuvuka volti 4.2. Chaja isiyosawazisha huangalia jumla tu, 12.6, wala haijui kwamba moja imeshiba kupita kiasi na mwenzake ana njaa. Hapo ndipo moto unapoanzia.

Sasa twende kwenye chenyewe kinachoruka.

Fremu ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ya aina ya F450, yaani milimita 450 kutoka mota moja hadi mota ya pembe inayoikabili. Mikono ni ya plastiki, ukivunja mmoja unanunua mmoja. Naona dada pale nyuma ameinua mkono. ... Anauliza kwa nini si zile za mashindano zenye propela za inchi tano. Swali zuri, na wako watakaonipinga. Ya inchi tano ni kali. Ukikosea kwa nusu sekunde imeshafika kwa jirani. Tena kila kitu kimebanana, pa kuweka ncha ya pasi hupaoni. F450 ni jitu pole: nafasi tele, propela kubwa, inaruka taratibu, na makosa yako unayaona kwa macho. Jifunze kulehemu na kurusha kwanza, mbio baadaye.

Mota nazo zina namba. 2212 maana yake stata, ile sehemu yenye nyaya isiyozunguka, ina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 12. Namba ya KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haijabeba mzigo. Kwa propela ya inchi 10 na betri ya seli tatu, KV ya 900 hadi 1000 inatosha kabisa. Kijana akiona KV 2300 anadhani ni bora kwa sababu namba ni kubwa. Hiyo ni ya propela ndogo. Ukiifunga propela ya inchi 10 kwenye mota ya KV 2300 umetengeneza jiko.

Tuhesabu pamoja. Fremu gramu 280. Mota nne, 200. Vidhibiti mwendo vinne, vile mafundi wanavyoviita ESC, 100. Bodi ya kuongozea, kipokezi na nyaya, 80. Propela, 40. Betri ya mAh 2200, yaani ampea-saa 2.2, kama 180. Jumla 880, weka 950 kwa sababu hakuna aliyewahi kumaliza kazi bila kuongeza skrubu na gundi. Kila mota, kwa betri iliyojaa, wauzaji huandika gramu 800 za msukumo. Mimi huhesabu 700. Mara nne ni kilo 2.8, karibu mara tatu ya uzito. Kanuni ni angalau mara mbili, kwa hiyo tuko salama.

Hapa Arusha punguzeni kidogo. Tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya pwani. Propela hula hewa, na hewa ikiwa nyepesi lazima izunguke haraka zaidi, kama asilimia 7, ili kubeba mzigo uleule. Droni kama hii niliirusha Tanga ufukweni, ikaelea na kijiti cha rimoti kiko chini ya nusu. Nilipopanda nayo huku nilishtuka, nikadhani mota zimechoka. Kumbe ni mlima.

Betri. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo pesa za wanyonge zinapopotea.

Droni yetu ikielea tu mahali pamoja inakula kama ampea 12. Betri ya mAh 2200 hatuimalizi yote, tunatumia asilimia 80, yaani ampea-saa 1.76. Gawa kwa 12, unapata dakika nane na ushei. Ndiyo hivyo, dakika nane. Anayekuahidi nusu saa kwa betri hiyo anauza kitu kingine. Sasa kijana anaona lipo ni ghali, na muuzaji wa nje anakataa kumtumia kwa sababu betri za lithiamu zina masharti makali zikisafirishwa kwa ndege. Basi anakumbuka zile seli za 18650 kwenye betri kuukuu za laptop. Kwa fundi zimejaa, bei ni ya soda. Tatu mfululizo zinatoa volti zilezile. Kwa nini nisitumie?

Nilitumia. Droni ilinyanyuka kama mita moja, ikakata tamaa, ikakaa chini kama mzee aliyesahau alichofuata sokoni. Seli ya laptop imeundwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu. Ukiivuta zaidi ya ampea nne au tano volti zinaporomoka na inapata joto. Sisi tunataka 12 za kuelea tu, na tukikanyaga mafuta ni zaidi ya 30. Ukiziunga sambamba tatu tatu zinakuwa seli tisa, na kila moja ina gramu 45 hivi. Umebeba gramu 400 kukwepa betri ya gramu 180. Seli hizo ziwekeni kwenye tochi na taa za sola, huko zinafanya kazi nzuri sana.

Kwa hiyo ushauri wangu umegeuzwa kichwa chini ukilinganisha na wa wengi: tafuta kwanza betri ya lipo inayopatikana hapa nchini, ujue ni ya seli ngapi na plagi yake ni ipi, ndipo uagize mota na vidhibiti vinavyoendana nayo. Wengi huagiza mota kwanza, zikifika wanaanza kutafuta betri kama mwenye tandiko asiye na punda.

Ikishapatikana, itunze. Tua kila seli ikiwa na volti 3.5. Kama hurushi wiki hii, iache kwenye 3.8, usiiache imejaa. Ichaji ukiwa macho, ndani ya sufuria kuukuu lenye mchanga chini. Ikivimba kama andazi, safari yake imekwisha, usijaribu kuitoboa kuona kuna nini.

Bodi ya kuongozea nitapita haraka. Nunua yoyote yenye chipu ya kizazi cha F405 inayokubali Betaflight au iNav, programu za kuongozea droni, dola 30 hadi 45, yenye maelezo yanayosomeka. Ina gairoskopu ambayo hupima jinsi droni inavyogeuka na kuinama, maelfu ya mara kwa sekunde. Wale wa zamani walichomoa gairoskopu kwenye rimoti za gemu za Nintendo Wii na kuziunga na Arduino, bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki, ndiyo maana programu ya enzi hizo iliitwa MultiWii, na Betaflight ni kitukuu chake. Ninyi mmekuta mezani kumeandaliwa.

Kulehemu: kabla hujagusa bodi yako, kaa siku mbili kwenye kijiwe cha fundi simu. Mnunulie chai. Atakufundisha kupaka lehemu waya kwanza, kisha pedi, yaani kile kibati cha bodi kinachopokea waya, kisha kuviunganisha. Pedi ya betri ni kubwa, inanyonya moto kama mchanga unavyonyonya maji. Pasi ya wati 60 itaiweza, ile ya wati 25 itakuchosha na kuiunguza bodi kwa kuchelewa. Na skrubu za mota zipime urefu. Mimi niliwahi kukaza skrubu ndefu mpaka ikagusa nyaya za ndani ya mota, nikasikia harufu kabla sijaona moshi.

Sasa siku ya kuchomeka betri kwa mara ya kwanza. Mikono inatetemeka, na ni haki yake. Nendeni duka la spea za magari, nunueni taa ya indiketa ya volti 12, wati 21. Iungeni mfululizo kwenye waya mwekundu kati ya betri na droni. Taa hiyo hairuhusu zaidi ya ampea moja na robo tatu kupita. Ukichomeka, ikimulika mara moja kisha ikafifia au kuzimika, nyaya zako ni nzima. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, mahali fulani nyekundu na nyeusi zimegusana. Chomoa. Taa ya bei ya chapati mbili imeokoa bodi ya dola 40.

Ikishapona hapo, washa mota moja moja kwa kompyuta. Kwenye Betaflight namba moja ni ya nyuma kulia, mbili mbele kulia, tatu nyuma kushoto, nne mbele kushoto. Zinazokabiliana kwa pembe huzunguka upande mmoja, zilizo jirani hupingana. Mota inayozunguka kinyume, badilisha nyaya zake mbili zozote kati ya tatu. Droni inayopinduka papo hapo inapotaka kunyanyuka haina pepo. Ni mpangilio wa mota, au propela iliyofungwa juu chini, au bodi iliyogeuzwa na programu haijaambiwa. Haya yote hufanywa bila propela. Propela ya inchi 10 mezani ni kisu kisicho na mpini.

Na kibali. Hapa Tanzania mwenye anga ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kawaulizeni kabla, si baada ya kuitwa. Karibu na viwanja vya ndege, kambi za jeshi na ndani ya hifadhi za taifa, usithubutu. Twiga wa Arusha National Park hawajaomba kupigwa picha na wewe.

Basi, tumesema vya kutosha. Hapa mezani kuna F450 niliyomaliza kuilehemu jana usiku, haijawahi kuguswa na betri. Taa ya indiketa hii hapa. Wewe kijana mwenye fulana ya kijani, njoo uchomeke wewe, tuone kama fundi naye hukosea. Usiogope, sogea. Propela nimeziacha nyumbani.