Na Mlezi Naye, Nani Amuulize Hali?

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Ratiba yasema nizungumze kuhusu maziwa na joto. Hayo mmeyapata asubuhi kwa daktari, nami naongeza moja tu: mtoto wa paka aliyepoa hapewi maziwa kabla hajapashwa joto, maana hawezi kuyasaga. Basi. Mimi nimekuja na lile jambo ambalo huachiwa dakika tano za mwisho, kisha mtu akasema tutalizungumza siku nyingine: moyo wa anayelea mnyama kwa muda, mpaka apate nyumba.

Kila nikimwomba mtu ashike paka wiki chache, hadi tumpatie nyumba, jibu ni lile lile. "Aa, dada, mimi siwezi. Nitampenda, halafu mje mnichukulie." Husemwa kwa upole, kama kwamba sisi tunaolea hatupendi. Nikiwa na hasira huuliza: kwa kuwa wewe hutaki kulia, yeye afie jaani sokoni Marikiti? Nikiwa nimetulia huwakumbusha kwamba pwani hii jambo hili twalijua. Wangapi hapa mlilelewa na nyanya au shangazi, mkalishwa, mkapelekwa chuoni na skuli, kisha siku moja baba akaja na begi? Nyanya alilia siku mbili, na mwaka uliofuata akapokea mjukuu mwingine. Hakuna aliyemwambia asilie. Lakini anayelea paka akilia huambiwa, "Jamani, ni paka tu!"

Niwape kisa cha mzee mmoja. Walionisikia zamani watavumilia. Mzee huyu kastaafu bandarini, maneno machache, sauti nzito. Alikuta boksi la viatu nje ya msikiti, watoto wanne wa paka, macho bado hayajafunguka, yaani hata wiki mbili hawajatimiza. Neno kulea hakutaka kulisikia. Alisema, "Nawashikia tu." Akawa anaamka kila baada ya saa mbili tatu, bomba la sindano mkononi na maziwa maalumu ya paka, maana ya ng'ombe huwaharisha. Akimaliza huchukua pamba yenye maji ya vuguvugu, awapanguse nyuma mpaka wakojoe, kwa sababu umri ule hawawezi bila kupanguswa. Mama yao huwalamba. Mkewe akaniambia, "Nimemzalia watoto saba, nepi hata moja hajabadilisha."

Usiku mmoja, mdogo wao akaanza kulia sauti nyembamba, alfajiri kafa. Mnaolea mwajua. Hufa hata mama yao akiwepo, hufa hata ukifanya kila kitu sawasawa. Mzee akasali, akarudi, akamzika chini ya mwarobaini. Chai hakunywa. Mchana wali hakuugusa. Mkewe akampeleka kupima malaria! Malaria hakuna, akapewa vidonge vya maumivu ya mwili. Nilipofika nikamuuliza, vipi mzee? "Salama. Ni paka tu." Nikamwambia, ndiyo, ni paka, na wewe umefiwa naye. Alinitazama kwa hasira. Kisha akaanza kunieleza jinsi yule mdogo alivyokuwa akilikumbatia bomba kwa mikono yote miwili, ukilivuta anakuja nalo. Tukakaa hapo mpaka magharibi. Usiku akala.

Mtu mmoja wa kumuuliza, ndicho alichokosa. Nasi tunaoendesha shughuli hii huuliza nini? "Waliobaki wana gramu ngapi?"

Najua kuna anayejiuliza kama yafaa mtu mzima kuhuzunikia mnyama. Yule bwana wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, alisamehewa na Mungu. Unadhani alishuka kisimani moyo haumuumi? Mwingine atasema watu wana njaa, nyinyi mwalea paka. Wanaoniambia hivyo sijawakuta wakigawa unga.

Sasa siku ya kukabidhi. Mlezi akabidhi kwa mkono wake. Msimtumie kijana wa bodaboda aje kubeba boksi yeye akiwa kazini. Yule mzee alipokuja kuchukuliwa paka wake, aliwahoji wale watu wa Nyali kama anayeoza binti: mchana nani yuko nyumbani, dirisha la ghorofa lina wavu? Wakanung'unika. Wacha wanung'unike. Aandike karatasi ya tabia zao, apewe picha baada ya wiki, na asipewe boksi jingine jioni ile ile. Nimeona likifanywa kwa nia njema, nyumba imenyamaza basi tuijaze. Hupokea kwa haya, halafu simu zetu hapokei tena.

Na wanaoshindwa kuachia? Mmoja, baki naye, Mungu akubariki. Ukibaki na kila boksi, umejaa, na wanaofuata hawana pa kwenda.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mbwa sijawagusa. Haraka: mtoto wa mbwa huzoea watu zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14, kwa hivyo alelewe ndani ya nyumba yenye watu. Jirani akiogopa kichaa cha mbwa usimcheke. Kinaua, na Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo. Mbwa apate chanjo, na jirani umwonyeshe cheti. Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hospitali siku hiyo hiyo. Watoto wenu nyumbani waambieni mapema kwamba mnyama ni mgeni; msiwadanganye kwamba ametoroka. Hilo lataka siku yake.

Maboksi mawili yako mlangoni kwa daktari. Anayechukua aandike namba. Nitapiga Jumatano, na kama wamekufa niambie wamekufa, usinizimie simu.