Mnaniuliza Kuhusu Bluberi: Nimezichuma kwa Mkono, Leo Nawajibu

Habari zenu, wapenzi. Leo sikupanga kurekodi. Nimetoka zamu ya usiku, koti sijavua, na gari bado la baridi, mkiniona natetemeka mnisamehe. Lakini tangu niweke ile video ya kununua vitu vya nyumbani, swali ni lile lile: "Dada, mbona huko kila kitu kina bluberi, hayo matunda madogo ya bluu? Ni dawa? Huku zimeletwa za kopo, tununue?" Nimejibu kwenye koment, nimejibu inboksi, kesho yake linarudi. Basi leo nalijibu kwa urefu.

Najua kuna watakaosema najidai. Kuna na wale wa wiki jana, walioandika kwamba kazi yangu ni kulia tu na bado sirudi nyumbani. Semeni. Mimi hili limenigusa mlangoni kwetu, ndiyo maana nimekaa hapa kwenye paking badala ya kwenda kulala.

Mama yangu yuko Muheza na ana kisukari. Mwezi uliopita nilimtumia hela ya vipimo na dawa. Siku tatu, hela imekwisha. Namuuliza, ananyamaza. Mwishowe ananiambia kuna kijana alipita na kopo la unga wa bluberi, shilingi 45,000, akasema linashusha sukari na kusafisha macho. Mama alipositasita, kijana akatoa simu akamwonyesha video yangu: "Si mwanao huyu? Ona anavyokula huko Marekani."

Jamani, niliishiwa nguvu. Nikamwambia, mama, geuza kopo unisomee maandishi madogo. Mama amefundisha shule miaka mingi, kusoma si tatizo, akatafuta miwani akaanza. Cha kwanza, sukari. Cha pili, maltodekstrini, ambayo ni wanga unaopandisha sukari ya damu upesi. Halafu ladha, halafu rangi. Unga wenyewe wa bluberi ukaja mwisho kabisa. Mgonjwa wa kisukari ameuziwa sukari, kwa hela ya kupimia sukari.

Hapa Marekani sheria inataka viungo viandikwe kwa uzito, kizito zaidi kinatangulia. Kwa hiyo msiangalie picha ya mbele, angalieni nyuma, na muangalie bluberi iko nafasi ya ngapi. Hapa utakuta mtindi wa bluberi, oti, mafini, juisi, kahawa ya barafu, bia, hata chakula cha mbwa. Baadhi zina tunda kweli. Nyingine, kile kidonge cha bluu unachokitafuna ni sukari, mafuta, wanga na rangi vimefinyangwa vikaitwa vipande vya bluberi. Na hawajadanganya kisheria, wameandika wenyewe, ila kwa herufi za kutafutia tochi.

Sisemi tunda ni baya. Nalipenda, na nalijua kuliko wengi wanaolitangaza, kwa sababu nimelichuma. Nilipofika kwa grinikadi ya bahati nasibu, miezi miwili tu, Agosti ikanikuta Kaunti ya Washington huku jimbo la Maine, karibu na mpaka wa Kanada. Bluberi za huku ni za mwitu. Hakuna aliyezipanda, zinajisambaza zenyewe kwa mashina ya chini ya ardhi, na kila baada ya mavuno shamba linafyekwa au linachomwa moto ili lichipue upya, kwa hiyo linazaa mwaka mmoja, unaofuata linapumzika. Kimo chake hakifiki hata gotini. Unainama kutwa nzima na reki yake, ambayo ni kama kizoleo cha taka chenye meno marefu. Unaisukuma chini ya majani, unainyanyua huku unakunja kifundo cha mkono, punje zinabaki ndani ya reki, majani yanachomoka. Nilikuwa na Wahaiti, Wamexico, na Wamikmaq, wenyeji wa asili ambao baadhi yao huvuka kutoka Kanada kila msimu kuchuma. Wao walinifundisha nisitumie nguvu za mgongo. Siku ya tatu nilikuwa siwezi kufunga vifungo vya shati.

Tulilipwa kwa kreti, si kwa saa. Na hundi yangu ya kwanza ikaja jina limekosewa herufi moja. Benki ikaikataa. Nikarudi kwa msimamizi, akanituma kwa mhasibu, mhasibu akataka kadi ya sosho sekyuriti, ile yenye namba ya serikali ya kufanyia kazi, kadi ilikuwa bado haijafika kwa posta. Wiki tano! Kodi ya chumba ikanidai, na nyumbani watu wananiandikia nitume kidogo. Sikuwaeleza wakati ule, maana ningeeleza ningeambiwa natoa visingizio.

Mwaliuliza pia mbona zamani hatukuzisikia. Hizi kubwa za dukani zina miaka mia na kidogo tu. Mama mmoja wa New Jersey, Elizabeth White, na mtaalamu wa mimea wa serikali, Frederick Coville, walikusanya vichaka vya porini vyenye punje kubwa, wakavichanganya, na wakauza mavuno ya kwanza mwaka 1916. Ukiikata hiyo kubwa, ndani ni nyeupe ya kijanikijani. Ya mwitu ni ndogo zaidi. Halafu miaka ya 1990 watafiti wakapima maabara antioksidanti, yaani viambata vinavyosemwa vinakinga chembe za mwili zisiharibike, bluberi zikatokea juu kwenye orodha, na matangazo ndiyo yakaanzia hapo. Lakini mwaka 2012 wizara ya kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya vipimo hivyo kwenye tovuti, kwa sababu kampuni zilikuwa zinaitumia vibaya, na kipimo cha maabara hakithibitishi kitakachotokea mwilini mwa mtu. Hilo la kuondolewa hakuna kopo linalokuandikia.

Siku hizi Peru, ambayo miaka ya 2010 inaanza ilikuwa karibu haina kitu, inazisafirisha kuliko nchi zote, kwa hiyo hata majira ya baridi duka limejaa.

Binamu yangu, najua unatazama, unataka miche. Kwanza makaratasi: kibali cha kuingiza kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea hapo nyumbani, na cheti cha afya ya mimea kutoka huku. Nilianza kufuatilia, nikaona gharama inazidi bei ya miche yenyewe. Pili, hizi za mwitu za Maine zinataka baridi kali ndipo zizae, Muheza utapata majani tu. Wakenya wa kampuni ya kilimo ya Kakuzi, kule Murang'a, wanalima aina zisizohitaji baridi nyingi. Na udongo wake uwe mchachu, pH 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo usimwage majivu. Ningekuwa mimi ningeangalia kwanza huko juu chai inakostawi, maana chai nayo inapenda uchachu. Lakini hayo ni yangu, mfuko wako unaujua mwenyewe.

Na wanaouliza nakula zipi: nanunua za mwitu zilizogandishwa, za mfuko. Kwenye viungo pameandikwa bluberi, basi. Huko mkipata zambarau, ile rangi inayobaki kwenye ulimi ni ya jamii moja na hii ya bluberi, na hakuna wa kuwauzia kwa 45,000.

Mama nimemlipia vipimo tena, safari hii nimetuma moja kwa moja kwa maabara. Kopo nimemwambia asilitupe. Liko kabatini na miwani juu yake, yule kijana akipita tena amketishe amsomee.